Fanani, Hadhira na Kioo: Uhakiki wa Urushaji wa Picha kutoka Simu hadi Runinga katika Kisii na Nyamira

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu wataalamu wa fasihi simulizi katika Afrika ya Mashariki wamelia kilio kimoja: kwamba moto wa jioni umezimika, kwamba watoto wamewapa nyanya zao kisogo, na kwamba kilichowatenga ni chombo kidogo kinachoshikwa mkononi. Kilio hicho kina ukweli wake. Simu humfanya kila mtu kuwa hadhira ya peke yake. Watu watano huweza kuketi katika chumba kimoja, kila mmoja akicheka kichekesho chake, na pasiwe na kicheko hata kimoja cha pamoja.

Hata hivyo, limezuka jambo ambalo waliolia hawakulitazamia. Katika sebule za Kisii na Nyamira, picha iliyokuwa imefungiwa ndani ya simu au tarakilishi ya kupakata huweza sasa kutolewa bila waya na kuwekwa juu ya runinga, mbele ya watu wa rika zote. Hadhira iliyotawanyika hukusanyika tena. Swali linalofaa kuulizwa na mhakiki ni hili: Je, hadhira hiyo ni ile ile ya zamani? Na ikiwa hadhira imerudi, fanani wake ni nani?

Makala haya yana madhumuni matatu. Kwanza, yanaeleza jukwaa la masimulizi ya Abagusii lilivyopangwa kwa misingi ya umri na heshima. Pili, yanachambua namna mbili za kupeleka picha kwenye runinga, na kuonyesha kuwa tofauti ya kiufundi iliyo baina yake ni tofauti ya kifasihi vile vile. Tatu, yanahakiki matini zinazoonekana kwa njia hiyo, hasa filamu zilizosimuliwa upya kwa Kiswahili, na kudai kwamba fanani muhimu kuliko wote katika sebule hiyo ni yule ambaye hakuna mtaalamu anayemsikiliza.

2. Jukwaa la zamani

Kisii na Nyamira ni kaunti mbili za nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, nchi ya migomba na chai. Ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu waliosongamana sana nchini. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 yatosha peke yake: Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Walio wengi ni Abagusii, wasemaji wa Ekegusii, lugha ya Kibantu ambayo kwa mpangilio wa ngeli zake haiko mbali na Kiswahili: mtu ni omonto, na watu ni abanto.

Masimulizi ya Abagusii, yaani emegano, hayakuwa mali ya kila mtu kwa kila mtu. Yalifuata mkondo. Mkondo mkuu ulikuwa baina ya nyanya, ambaye Ekegusii humwita magokoro, na wajukuu zake. Sababu yake haikuwa tu kwamba nyanya alikuwa na wasaa. Sababu ilikuwa chinsoni. Hili ni jina la kanuni za haya na heshima zinazotawala uhusiano wa rika zinazofuatana, yaani wazazi na wana wao, na wakwe na wakaza-wana. Robert LeVine, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu aliyeanza kufanya kazi Ugusii katika miaka ya 1950, aliziandika kanuni hizo kwa kirefu. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Maneno ya mwili na mapenzi hayatamkwi mbele ya mzazi. Lakini baina ya babu au nyanya na mjukuu haya hizo hulegezwa, utani huruhusiwa, na mambo ambayo mzazi asingeweza kuyasema hupata kinywa cha kuyasema.

Hapa ndipo penye ufunguo wa fani yenyewe. Hadithi ya nyanya iliweza kuwa na ucheshi mkali, hata wa matusi, kwa kuwa jukwaa lake lilikuwa limekwisha kuchaguliwa na desturi. Hadhira haikuwa umati, ilikuwa rika. Wazee nao walikuwa na baraza lao, na vijana wa kiume walikuwa na kambi zao za ng'ombe, ebisarate, kabla utawala wa Kiingereza haujazivunja mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kila mahali palikuwa na maneno yake.

Kosa moja la wakusanyaji wa fasihi simulizi lilikuwa kuyatoa maneno mahali pake na kuyapanga kitabuni kana kwamba yalisemwa kwa yeyote. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika, ikiwamo ile ya mdomo, iwe kitovu cha masomo. Dai lao lilikuwa la haki na lilizaa matunda. Lakini wengi waliowafuata walichukua daftari wakaacha chumba. Waliandika hadithi, hawakuandika nani alikuwa ameketi wapi. Ruth Finnegan alikuwa amekwisha kuonya katika kitabu chake cha 1970 kwamba fasihi ya mdomo haipo nje ya utendaji wake. Onyo hilo lina maana mpya leo.

3. Kuakisi na kurusha

Runinga ilienea Ugusii polepole. Mambo mawili ya mwaka 2015 yanastahili kutajwa. Serikali ilianzisha mradi wa Last Mile wa kuunganisha nyumba za mashambani na umeme, na mwaka huo huo Kenya ikaacha matangazo ya runinga ya mfumo wa zamani na kuhamia mfumo wa dijitali. Lakini isifikiriwe kuwa kila nyumba ina chombo hicho. Hesabu ya 2019 ilionyesha kuwa katika Kenya nzima ni asilimia 40.7 tu ya kaya zilizokuwa na runinga inayofanya kazi. Kwa hiyo sebule yenye runinga mara nyingi si ya familia moja tu. Ni ya jirani pia, na watoto wa jirani huijua njia.

Kuna namna mbili za kupeleka picha kutoka simu hadi runinga bila waya, na kwa kawaida watu huzichanganya. Namna ya kwanza ni kuakisi. Simu hunakili kila kilicho juu ya uso wake na kukipeleka kwenye runinga kwa wakati ule ule. Hivyo ndivyo ufanyavyo mfumo wa Miracast uliotolewa mwaka 2012. Simu haiwezi kuwekwa kando, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi yote. Betri hupungua. Ujumbe ukiingia, huonekana na wote. Lakini faida yake ni kwamba filamu iliyokwisha kuhifadhiwa ndani ya simu huweza kutazamwa bila kutumia bando hata kidogo.

Namna ya pili ndiyo inayoitwa kurusha, na ilienezwa zaidi na Chromecast, kifaa kidogo kilichotolewa na Google mwaka 2013 kwa bei ya dola 35 za Kimarekani. Ingawa Google iliacha kukitengeneza mwaka 2024, ufundi wake umebaki ndani ya runinga nyingi za kisasa. Hapa simu haipeleki picha hata moja ya wimbo au filamu iliyoko mtandaoni. Hutoa amri tu: huiambia runinga picha iko wapi katika intaneti, na runinga huiendea yenyewe. Baada ya hapo mwenye simu huweza kupiga simu, kuandika ujumbe, hata kutoka nje kukama ng'ombe, na filamu ikaendelea.

Tofauti hii si ya mafundi peke yao. Anayeakisi ni kama mkariri: kila kilicho kifuani mwake hutoka, na hawezi kuuficha mshtuko wake. Anayerusha ni kama mwenyeji wa ngoma: hachezi yeye, lakini ndiye aliyewaita wachezaji na ndiye mwenye uwezo wa kuwanyamazisha. Wa kwanza amejitoa mbele ya hadhira. Wa pili amejificha nyuma yake. Fasihi simulizi iliwajua watu wote wawili, lakini haikupata kuwapa kazi moja.

4. Matini ya sebule: filamu iliyosimuliwa

Yanayorushwa ni mengi: mahubiri, mpira, nyimbo za marehemu Christopher Monyoncho na bendi yake ya Kebirigo Boys, na vituko vya Embarambamba wa Nyamira, mwimbaji ambaye hujiviringisha matopeni na kuning'inia mitini. Lakini matini inayostahili uhakiki mrefu zaidi ni filamu ya kigeni iliyosimuliwa upya kwa Kiswahili.

Sanaa hii ina nasaba. Nchini Uganda wasimulizi wa filamu hufasiri kwa Kiluganda. Jijini Dar es Salaam, Lufufu alipata sifa kwa kuzifasiri filamu kwa Kiswahili, na Matthias Krings amemwandika katika kitabu chake cha 2015. Nchini Kenya jina lililovuma kuliko yote ni la DJ Afro, ambaye husimulia filamu za Wahindi, za Wachina na za Wamarekani kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng.

Sifa za kifani za masimulizi hayo ni dhahiri. Msimulizi hatafsiri neno kwa neno. Huacha mazungumzo yapite, akaeleza nia. Humtenga steringi na maadui zake tangu mwanzo, kama vile ngano inavyomtenga sungura na fisi. Huwapa wahusika lakabu za nyumbani, huwasuta, huwaonya wasiingie mlango ulio na hatari. Watazamaji nao wana itikadi yao ya kifasihi, kwamba steringi hafi, na msimulizi huichezea itikadi hiyo kwa kuwatia hofu wasiyoiamini kabisa. Huu si uharibifu wa filamu, kama wanavyosema wapenzi wa sinema waliosomea ng'ambo. Ni kuihamisha filamu kutoka tanzu moja hadi nyingine. Iliingia ikiwa tamthilia, ikatoka ikiwa ngano.

Udhaifu wake nao usifichwe. Kwanza, usimulizi huu aghalabu hupunguza ukinzani. Mhusika mwenye nafsi mbili hufanywa mbaya au mwema, na hapo filamu nzuri hupoteza kilichoifanya nzuri. Pili, na hili ni zito zaidi, msimulizi wa kanda hasikii. Mfasiri aliyeketi bandani pamoja na watazamaji aliweza kusikia kicheko na kukirefusha, au kuona usingizi na kuuamsha. Msimulizi aliyerekodiwa amekwisha kucheka kabla hadhira haijafika. Anauliza, lakini jibu halimfikii. Fanani asiyesikia jibu ni nusu ya fanani.

5. Nusu ya pili

Nusu ya pili iko sebuleni. Chukulia jioni ya kawaida katika nyumba iliyo karibu na Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizi mbili. Kijana wa shule ya sekondari ameshika simu. Runinga inaonyesha filamu ya Kihindi, sauti ya asili imefifizwa, na juu yake yasikika Kiswahili cha msimulizi. Kitini pembeni ameketi nyanya, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na Sheng haimo. Msichana wa miaka kumi na minne ameegemea kiti hicho, na kila baada ya dakika moja au mbili humwambia nyanya kwa Ekegusii yaliyotukia. Nyanya huuliza kwa nini mtu yule alikubali kula kwa adui wake. Msichana hana jibu. Humwomba kijana arudishe nyuma, na kijana hurudisha.

Katika tukio hili dogo kazi ya fanani imegawanywa kwa watu watatu. Sauti ni ya msimulizi aliye mbali. Mwendo ni wa kijana, kwa kuwa yeye ndiye anayesimamisha, anayerudisha na anayeruka. Maana ni ya msichana. Yeye ndiye anayechagua lipi liwe la maana na lipi liachwe, ndiye anayesikia swali, na ndiye anayesema kwa lugha ya nyumba. Kutoka Kihindi hadi Kiswahili, kutoka Kiswahili hadi Ekegusii, hadithi imevuka mito miwili, na mvuko wa pili haukurekodiwa na mtu yeyote.

Walter Ong, katika kitabu chake cha 1982, aliuita usimulizi wa vyombo vya umeme usimulizi wa pili, yaani ule uliozaliwa baada ya maandishi na kutegemea maandishi, na akasema kwamba huunda hadhira kubwa kupindukia ile ya jamii za asili. Nadharia hiyo yafaa kwa redio. Kwa sebule ya Keroka haitoshi. Hadhira hapa ni ndogo, yajuana kwa majina, na yajibu. Ndani ya usimulizi wa pili umezaliwa tena ule wa kwanza, tena kinywani mwa mtoto.

Na hapo ndipo penye mapinduzi. Zamani nyanya alisimulia na mjukuu akauliza. Sasa mjukuu anasimulia na nyanya anauliza. Mkondo ni ule ule, wa rika zinazopishana, zenye ruhusa ya utani. Lakini maji yanapanda mlima. Mhakiki asiwe mwepesi wa kushangilia wala wa kuomboleza. Kwa upande mmoja, Ekegusii kimepata kazi mpya ya kueleza mambo ya Mumbai na Hong Kong, na lugha inayopewa kazi haifi upesi. Kwa upande wa pili, nyanya anayeuliza tu hatakuwa na pa kuziweka hadithi zake mwenyewe. Ghala lake limejaa na hakuna anayekuja na kikapu.

6. Chinsoni mbele ya kioo

Runinga ya sebuleni haijui rika. Filamu ya mapenzi ikifika penye kitanda, baba na binti yake huwa wameketi mbele ya picha moja, na chinsoni imevunjwa bila mtu kutamka neno. Simu, pamoja na lawama zote inazotupiwa, ilikuwa imeliponya tatizo hilo kwa kumpa kila mtu nyumba yake ndogo ya kutazamia. Kurusha picha kumezibomoa kuta hizo. Na kuakisi kumevuka mpaka zaidi: kijana aliyesahau kufunga jumbe zake huliona jina la mpenzi wake likitokea runingani, mbele ya mama yake. Hiyo ni sawa na baba kusukuma mlango wa nyumba ya mwanawe.

Jamii haikukaa bure. Kurusha mbele vipande vya aibu ni desturi mpya, na yataka ustadi. Mwenye simu yampasa aijue filamu kabla, atabiri hatari, na aruke bila kuonekana ameruka. Akichelewa, husikika kikohozi cha baba, au mama hukumbuka ghafla kwamba chungu ki motoni. Kwa lugha ya uhakiki, huyo ni mhariri anayefanya kazi papo kwa papo, na kigezo chake si sheria ya bodi yoyote bali sura za watu walioketi. Nyanya aliifanya kazi hiyo hiyo kwa ulimi wake. Alijua ni mtoto yupi wa mzazi yupi aliyeingia, na hadithi ikapinda kona.

Lakini kuna mchaguzi mwingine asiyetazama sura. Wimbo mmoja ukimalizika katika YouTube, mtandao huleta mwingine wenyewe, kwa kufuata mambo ambayo mwenye simu aliyatazama siku zilizopita. Nyanya alichagua hadithi ya pili kwa kuwatazama waliokuwepo. Mtambo huchagua kwa kukumbuka aliyoyapenda mtu mmoja alipokuwa peke yake. Hivyo sebule nzima, pamoja na mkwe na mtoto mchanga, huongozwa na upweke wa kijana mmoja. Hatari kubwa ya chombo hiki haimo katika ugeni wa filamu. Imo katika hili.

7. Suala la istilahi

Lugha sanifu imekwisha kutoa runinga, rununu na kipakatalishi, na neno la mwisho lina uzuri wake, maana chombo hupakatwa kama mtoto. Sebuleni, hata hivyo, husikika tivii, simu na laptopu, na tendo lenyewe huitwa kukasti, kukonekti au kuweka tu kwa tivii. Istilahi isiwe pambo. Iwe na kazi ya kutenganisha mambo yaliyo tofauti. Kwa sababu hiyo yafaa kuakisi kubaki kwa simu inayonakili uso wake, na kutiririsha kubaki kwa picha inayokuja kidogo kidogo kutoka intaneti. Kurusha kuna kasoro mbili: tayari ni neno la utangazaji wa redio, na tena katika namna ya Chromecast hakuna kinachorushwa. Simu huelekeza tu. Lakini neno likiwa limekwisha kuingia vinywani, mwanaisimu hana fimbo ya kulitoa. Lililo muhimu ni kwamba anayefundisha ajue kuwa anayerusha haonyeshi kifua chake, na anayeakisi anakionyesha.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba urushaji wa picha umeirudisha hadhira ya pamoja katika nyumba za Kisii na Nyamira, lakini haukumrudisha fanani mmoja. Umemgawa. Sauti imekwenda mbali, mwendo umeshikwa na kijana, maana imebebwa na msichana aliyeegemea kiti cha nyanya. Mtafiti atakayekusanya kanda zilizoko mtandaoni peke yake atapata sauti, atapoteza maana, kama vile waliomtangulia walivyopata hadithi wakapoteza chumba.

Kazi iliyo mbele ya idara za lugha, na hasa vyuo vilivyo jirani kama Chuo Kikuu cha Kisii, yafahamika. Ni kwenda sebuleni, si na kinasa sauti kilichoelekezwa runingani, bali kilichoelekezwa kwenye kile kiti cha pembeni, ili tafsiri ya msichana na maswali ya nyanya yaandikwe pamoja. Na filamu itakapokwisha, kabla mtandao haujaleta nyingine, kijana aombwe aizime runinga, na nyanya aulizwe hadithi hiyo inamkumbusha ipi. Itakayofuata hapo huenda haijapata kuandikwa.